Mdogo Wangu wa Chumba cha Uani

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepunguza kuuma na dawa bado zipo. Sisi ni wazima. Mjukuu wako naye ni mzima, ila alama ya kamba mkononi ilichelewa kufutika, ndiyo maana na mimi nimechelewa kuandika. Ningeandika wiki ile, ungepata matusi matupu.

Ulipoondoka ulimwambia mume wangu kwamba nimezaa nikashindwa kulea. Ukasema mtoto wa miaka mitano asiyeitika jina lake ana kiburi, na kiburi dawa yake fimbo. Mimi nilikuwa kazini, napiga pasi mashuka ya hospitali, nikijua binti yangu yuko na bibi yake. Kumbe bibi kamfunga kwenye mguu wa kitanda, eti anazungukazunguka chumbani na kuziba masikio kila jirani akiwasha blenda. Nilipokuuliza, ulinijibu kwa utulivu kabisa kwamba hata mbuzi hufungwa. Neno hilo halijanishuka kooni mpaka leo.

Nimempeleka kwa daktari wa watoto, yule anayeshughulika na ukuaji. Alikaa naye sakafuni asubuhi nzima wakipanga vifuniko vya chupa, vyekundu kwa vyekundu. Kisha akaniambia ana usonji. Alinieleza kwamba ubongo wake umekua kwa njia yake tangu angali tumboni. Si laana, si malezi, wala si kiburi. Kelele ambayo mimi na wewe tumeizoea, yeye inamchoma. Hasemi, lakini anaelewa mengi, na sasa anafundishwa kuomba kwa picha. Juzi alinipa picha ya kikombe. Nilimpa maji, nikaenda kulia bafuni. Ilikuwa furaha, na ilikuwa hasira. Hasira yote ilikuwa juu yako.

Daktari aliuliza kama kwenye ukoo wetu kuna mwingine wa namna hii. Nikamwambia hakuna. Nilisema harakaharaka, jinsi ulivyotufundisha kuwajibu wageni wakisikia mtu anagonga ukuta.

Lakini yupo, mama. Na hapa niseme langu, maana nikikulaumu peke yako nitakuwa mwongo. Ile redio ya baba hakuivunja mdogo wangu, huyo mnayemwita Bubu. Niliiangusha mimi nikifuta vumbi, nikiwa na miaka kumi. Nilimsingizia kwa kuwa nilijua hawezi kukanusha. Ulimpiga mpaka mwiko ukakatika, na tangu siku hiyo ukamfungia chumba cha uani. Wakati unampiga alikuwa akinitazama mimi, si wewe. Nimekaa na macho yale miaka kumi na tisa, nikijidai nimesahau.

Jumatatu nilirudi kwa daktari nikamwambia ukweli. Alisema mtu mzima naye husaidika, aletwe. Basi Jumamosi mimi na mume wangu tunakuja kumchukua. Usimhamishie kwa shangazi, wala usiwaite wazee waje kunisemesha. Kitanda chake kiko tayari, upande wa dirisha. Ufunguo uache mlangoni. Ukiuficha, fundi wa makufuli tunakuja naye.

Nisalimie shangazi na majirani, wanaojua na wanaojifanya hawajui. Na mdogo wangu mwambie nakuja. Mwambie kwa sauti ya chini, anasikia.

Ni mimi,
mwanao wa kwanza