Mwali Aliyebaki Zengcheng

Mwenzangu mpendwa,

Mimi mzima, ila goti la kushoto bado linanisumbua mvua ikikaribia, na mvua za Guangzhou unazijua, haziishi kukaribia. Nakuandikia nikiwa kibarazani kwetu, ghorofa ya kumi na saba, palepale ulipokuwa ukikaa asubuhi na chai yako ya tangawizi. Mchaichai wako kwenye ndoo umestawi mpaka unaniziba nisione nje. Huko chini Xiaobei watu wamepungua, si kama zamani tulipokuwa tukigongana mabega pale darajani, lakini bado nikishuka nasikia Kiswahili kabla sijavuka barabara.

Nimekuota tena. Ni ndoto ileile: unapita kwenye ile barabara ya juu ya magari, umekaa juu ya trekta dogo jekundu, unakwenda polepole kama mtu aliyetumwa chumvi na jirani. Magari yote yako nyuma yako na hakuna anayepiga honi. Moshi unatoka puu, puu, na kila ukitoka unageuka wingu dogo na kuondoka zake. Mimi niko hapa kibarazani nakuita, na wewe hugeuki. Nikiamka nakuwa na hasira kidogo, nisikufiche. Mtu gani anapita mbele ya nyumba yake bila kutazama juu?

Barua hii watasoma na wengine, kwa hiyo niwie radhi nikieleza mambo unayoyajua. Tulikuja huku kwa ajili ya jinzi zangu. Mimi nanunua Xintang, napeleka Kariakoo, na wewe ulikuwa unanisindikiza viwandani kubeba sampuli. Siku moja, mimi nikivuta zipu na kubishana na laoban, bosi wa kiwanda, juu ya mifuko, ukapotea. Nilikukuta nyuma ya kiwanda, kwenye kibustani cha mboga, umechuchumaa mbele ya trekta la bustani lililooza kwa kutu, nyasi zimeota mpaka kwenye usukani. Pembeni yako amechuchumaa mzee wa Kichina, mikono nyuma, naye analitazama kama wewe. Huyo ndiye mzee Chen. Hamkuwa na lugha ya kuzungumza, na wala hamkuonekana kuihitaji.

"Njoo uone," uliniambia.

"Nione nini? Kutu?"

"Bado anapumua huyu."

Nikakukumbusha kwamba bustani yetu ni ndoo moja ya mchaichai. Ulicheka, na jioni ile ukalinunua.

Basi ikawa ndiyo Jumapili zetu. Chen alitupa nusu ya banda lake kule Zengcheng, lile la mabati lenye karatasi za plastiki darini, na mwanga uliopita humo ulikuwa wa maziwa, hata vumbi likaonekana limekaa hewani bila kuanguka. Mlikuwa mnakwangua kutu kwa msasa tangu asubuhi. Mimi nilikaa kwenye gunia la jinzi nikimenya vitunguu, nikasinzia, nikaamka, na nyinyi bado mnakwangua. Nikikumbuka raha, nakumbuka sauti ile ya msasa. Hata walinzi wa metro walikuzoea. Mara ya kwanza walipofungua begi lako na kukuta pistoni imevingirishwa kanga yangu, waliitana wote. Baadaye wakawa wanakuuliza wenyewe leo umebeba nini.

Mligombania kitu kimoja tu na Chen. Yeye alitaka trekta likitengenezwa ling'ae lote, kama limetoka kiwandani jana. Wewe uliacha sehemu moja bila kuipaka rangi, pale kwenye mkono wa giya palipolika na kuwa laini kwa viganja vya wenyewe wa zamani. Chen alikuwa anapita na brashi ukigeuka, nawe unafuta kwa kitambaa akigeuka. Watu wazima nyinyi!

Hatukujaliwa mtoto, mwenzangu. Hili nalisema bila machozi sasa. Nadhani ndiyo maana jambo lile la mwali lilitokea kwetu na si kwa wengine. Lilianza kama mzaha: trekta linalotengenezwa ukalifunika kwa turubai, ukaniomba kanga ya kutandika juu, ukasema huyu ni mwali, yuko ndani, haonekani mpaka siku yake. Na siku yake ilipofika tulimtoa kweli. Mama Sele, anayepika kwenye ule mgahawa wetu wa Xiaobei, alikuja na sufuria ya biriani kwenye teksi. Ulipopiga hendeli na injini ikashika, alipiga vigelegele mpaka mafundi wa viwanda vya jirani wakatoka nje na nyuzi za jinzi zimewaganda nywelani. Papa Dieudo wa Lubumbashi alicheza mpaka kiatu kikamtoka. "Ah non, Mama, hii ni mariage kabisa!" aliniambia, huku anafuta jasho. Chen aliwasha fataki. Tangu siku hiyo hakuna trekta lililotoka banda lile bila ngoma.

Wa kwanza ulimwita Bi Mkubwa. Wa pili, Somo. Wa tatu alikuwa na kelele na hakubali kuwaka bila kubembelezwa, ukamwita Wifi, na nilikuonya dada yako akisikia atakuja na miguu mpaka China.

Wifi ndiye tuliyemtuma Muheza kwa kaka yako, atangulie shambani kwenye michungwa, maana ndiyo ilikuwa ahadi yetu: jinzi zikituchosha tunarudi, tunalima katikati ya michungwa mpaka tuzeeke. Tulimpakia kwenye kontena langu, tukamzungushia marobota ya suruali asitikisike. Mlimwaga dizeli, mkamwaga oili ya injini, mkamwaga maji. Mkasahau kile kibakuli cha oili chini ya chujio la hewa. Meli ikayumba, kibakuli kikayumba nayo, na suruali zangu za kina dada, zile zenye maua mfukoni nyuma, zikafika Kariakoo zinanuka gereji. Mteja wangu akanipigia: "Shoga, umeniletea nguo au umeniletea spea?" Nilikununia. Wewe ukapiga simu zako, ukaziuza zote kwa mafundi magari wa Gerezani, palepale Dar. Mpaka leo nikienda Dar naona mtu mzima na ndevu zake amelala chini ya lori, maua mawili nyuma. Siwezi kujizuia kucheka peke yangu barabarani.

Halafu akaja mwali wa mwisho. Huyu ulimficha kuliko wote. Hukutaka hata nione rangi yake. Nilikuuliza ni wa nani, ukasema mwali haulizwi. Ulinisumbua nikae kwenye kiti chake, kimefunikwa vilevile, "nipime tu." Nilikataa katakata, na sababu unaijua: siku ya Somo mlinipandisha, miguu ikaning'inia hewani kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi, Papa Dieudo akapiga picha, kila mtu Xiaobei akaiona. Niliapa sipandi tena juu ya trekta. Wewe kichwa kinagonga milango, mimi nanunua viatu kwenye duka la watoto. Mungu alitugawia urefu bila kuangalia.

Kuhusu viatu, ndicho kipindi kile kilipopotea kiatu changu cha kijani. Kimoja tu. Nilitafuta nyumba nzima, nikamshuku jirani, nikamshuku paka wa mlinzi. Nilikuuliza wewe, ukainua mabega na kuendelea kunywa chai.

Kisha ukaanza kuchoka. Kwanza ngazi za metro, baadaye hata spana. Ulitaka ukatibiwe nyumbani, tukaondoka, ukamwambia Chen kwa vidole kwamba unarudi. Hukurudi. Nilikaa eda yangu Muheza, kwenye kile chumba cha uani cha nyumba ya mama yako, dirisha limefungwa, na katikati ya ukimya ule nilimkumbuka mwali wako. Sisi wawili tuko ndani, nilijisemea, na aliyekuwa atutoe ameondoka. Hapo ndipo nilipolia kuliko siku ya mazishi.

Nikarudi Guangzhou kwa sababu nilijua kununua jinzi na sikujua kitu kingine cha kufanya. Kurudi Muheza bila wewe niliona ni kwenda kukaa kwenye ndoto ya mtu. Wakwe walipopiga simu kuuliza nakuja lini, nilisema bado mzigo, bado mzigo. Nilikwishaamua moyoni kwamba nitazeekea hapa kibarazani, na sikumwambia mtu.

Mwezi huu Chen akanipigia. Banda linabomolewa, wanajenga maghorofa. Bi Mkubwa na Somo wameshapata watu wanaowapenda, wapenzi wa matrekta kama nyinyi. Amebaki mwali. Kuna mnunua vyuma chakavu ameshamzungukia mara mbili. Nikamwambia Chen, kwa Kichina changu cha sokoni, amchukue yeye, awe wake, mimi siendi, sina moyo wa kumwona. Akakata, akatuma ujumbe kwa ile simu yake inayotafsiri: "Laobanniang, kwenu hafunuliwi mtu bila kelele. Mimi nikimfunua peke yangu, nani atapiga kelele?"

Laobanniang, mke wa bosi. Hakuacha kuniita hivyo.

Mama Sele ndiye aliyenivalisha viatu. "Shoga, twende. Mwali hawezi kutolewa na mnunua vyuma. Aibu hiyo nitaiweka wapi?" Tukapanda metro na sufuria. Banda lilikuwa limeng'olewa nusu ya bati, na ule mwanga wa maziwa ulikuwa umekwisha. Jua la kawaida limeingia mpaka chini. Katikati yuko yeye, turubai, na kanga yangu imepauka. Chen alisimama mbali, mikono nyuma, vilevile.

Nikavuta kanga. Nikavuta turubai.

Jekundu, mwenzangu. Jekundu lile la ndotoni. Mkono wa giya umeuacha bila rangi, kama kawaida yako. Nilianza kucheka, halafu nikaona chini, kwenye klachi. Kimefungwa kwa waya, kimekaa sawasawa kama kimevaliwa, kiatu changu cha kijani.

Nilimtazama Chen. Akaja, akachuchumaa, akanionyesha kwa kidole. Pedali zote umezichomelea vyuma vya kuziinua. Kiti umekishusha na kukisogeza mbele mpaka mtu wa urefu wako asingeweza kuingiza magoti. Ulikuwa unapima kwa kiatu, kwa sababu mwenye mguu alikataa kukaa. Mimi miaka yote nadhani unatengeneza trekta la kwenda nalo Muheza wewe, mimi nikikufuata nyuma na jembe! Kumbe ulikwishaona shamba lile na mimi ndiye niliyekaa kwenye usukani. Sijui kama ulijua kwamba unaumwa. Sitaki kujua.

Nilipanda. Kiapo changu nimekivunja, utanisamehe. Nikaweka mguu wa kushoto, nikaweka wa kulia, na yote miwili ikafika.

Chen alipiga hendeli. Mara ya kwanza mwali alikohoa tu, mara ya pili akatema moshi mweusi, mara ya tatu akashika, na lile banda bovu likatetemeka lote. Mama Sele hakungoja. Alipiga vigelegele vya watu kumi, na mafundi wakatoka tena viwandani na nyuzi zao nywelani, wengine wapya wasiojua ni nini, wakapiga makofi vilevile. Nilizunguka uwanja mara moja, polepole, goti likiniuma, nikilia mdomo wazi. Ulikosa kunipiga picha ya pili.

Nilipozima, Chen aliniuliza alete lori siku gani amchukue mwali, kama nilivyomwambia. Nikamjibu kwa neno ambalo wauza duka wa mji huu wametujibu nalo tangu tulipofika: "Meiyou." Hakuna. Alicheka mpaka akashika kiuno. Nadhani hakutaka kumchukua tangu mwanzo.

Kontena linafungwa wiki ijayo, linapitia bandari ya Nansha. Humo kuna jinzi zangu za mwisho, na mwali katikati yake. Nimempigia kaka yako, nimemwambia amwoshe Wifi na apunguze matawi ya michungwa, yasinikwangue kichwa, ingawa kwa urefu wangu nadhani nitapita tu. Mimi nitatangulia kwa ndege. Mchaichai nimempa Mama Sele.

Jana tulimpakia. Walimwaga dizeli, wakamwaga oili ya injini, wakamwaga maji, wakaniambia tayari. Nikasema bado. Nikapiga goti langu bovu chini, nikafungua kile kibakuli chini ya chujio la hewa, nikakimwaga mwenyewe, nikakipangusa kwa kanga mpaka kikakauka. Kiatu nimekiacha palepale kwenye klachi. Kingine nitasafiri nacho mimi.

Lala salama, na ukinipitia tena ndotoni, simama unipakie.

Mkeo, ambaye miguu yake sasa inafika.