Zamu Mbili, Tanuru Moja

Jumamosi, Oktoba 1994. Kanyangi.

Joto ya leo inachoma. Lakini jioni mawingu yamesimama upande wa Mombasa. Mvua iko karibu, na shamba yangu haina matuta ya kuzuia udongo.

Hiyo ndiyo imenitoa nyumbani.

Bibi yangu Mwikali akiwa hai tulichimba pamoja, mimi na sururu, yeye na koleo nyuma yangu. Tangu nimzike, nalimia watu kibarua nipate unga, na shamba yangu imelala. Mvua iliyopita ilibeba udongo wote mzuri, ikaenda nao mtoni pamoja na mahindi. Ikibeba tena, hapa nitalima mawe.

Upande wetu wa mto Athi, kila boma ina zamu moja ya kuchoma makaa wakati wa kiangazi. Tanuru moja, basi. Tuliona miti inaisha, tukaamua hivyo sisi wenyewe kwa mwethya, kikundi yetu ya kusaidiana kazi. Kama hutaki kuchoma, unampa mwingine zamu yako, yeye anakuchimbia matuta. Mimi sijachoma. Lakini ni nani nitampa? Huku tumebaki wazee na wajane. Kila mtu ana zamu, hakuna mtu ana mgongo wa kuchimba matuta.

Ng'ambo, upande wa Makueni, hawagawi kwa boma. Kijiji yote ina tanuru chache tu, na anayechimba sana ndiye anapewa. Huko vijana wamejaa. Zamu hazitoshi.

Kwa hivyo leo tumekutana kwa mchanga wa mto, wao na sisi. Swali lilikuwa moja. Mtu wa ng'ambo anaweza kuchukua zamu ya huku, avuke, achome miti ya huku, na atuchimbie?

Mzee Mulwa, kiongozi wao, alikubali haraka. Mimi pia nilikuwa tayari kusema ndiyo.

Wavinya akasimama. Huyo ni jirani yangu, mjane kama mimi. Hatujasalimiana tangu mbuzi zake zikule kunde yangu, nikaweka ua ya miiba katikati.

"Mzee Mulwa, tanuru yenu ni kubwa namna gani?"

"Ya kawaida, mama."

"Kawaida ya nani? Nimeziona nikienda Wote. Mtu anaweza kulala ndani na bibi na watoto, na mgeni akikuja apate nafasi."

Watu wakacheka. Mulwa pia. Lakini ni kweli. Tanuru yetu ni kama ng'ombe amelala. Ya kwao ni nyumba. Wote tunasema tanuru moja, na sio kitu kimoja. Ningempa ng'ombe, achome nyumba, na miti yangu iishe kwa zamu moja.

Sikuwa nimefikiria hiyo hata kidogo.

Tukamwambia wachome ya saizi yetu. Akakataa. Kuvuka na punda kwa tanuru ndogo ni kazi bure, alisema. Kelele ikaanza. Mwisho tukakubaliana hivi: zamu mbili za huku ni tanuru moja ya kwao.

Mulwa naye akawa na lake. "Na tukishachimba, tupate mmeshachoma zamu hiyo hiyo?"

"Moshi si utauona ukiwa kwako?" Wavinya akamjibu. "Ukiona moshi kwetu kabla mvuke kuchoma, kuja ufukie matuta yako uende nayo."

"Mama, wewe nakuogopa."

"Ogopa. Na sisi tutaangalia moshi wa kwenu."

Ikapita. Watu wakaanza kutafutana wawili wawili. Mimi nikabaki nimekaa kwa mchanga. Zamu yangu ni moja. Kumwomba mtu nilishindwa. Na nilikuwa nimekuja kwa ajili ya hii tu.

Nikajiona nikirudi nyumbani mikono mitupu.

"Mzee Mulwa," Wavinya akaita, "andika yangu na ya Baba Ndunge. Huyu asiyesalimia watu."

Wote wakaniangalia. Nikasema, "Sawa." Neno moja tu. Ningeweza kusema asante.

Mulwa alikuja jioni kuangalia mteremko. Akasema tuta itaanza kwa Wavinya, ikate mteremko moja kwa moja mpaka kwangu. Akiikata mbili hapo kwa ua, maji itapita katikati. Kisha akapiga ile miiba yangu teke. "Na hii?"

Nikamwambia itatoka.

Jumatatu wanavuka. Hii ni mara ya kwanza naangalia mawingu bila kuyaogopa. Mwikali angecheka sana. Yeye alisema hiyo ua ni aibu.

Kesho nikitoka kanisani naondoa miiba yote. Mbuzi zitaingia, najua. Nitazirudisha kwa Wavinya mimi mwenyewe, na nikifika mlangoni nitapiga hodi.