Kidole Changu Kimeharibu Kipimo cha Usingizi

Mwanangu amepita! Karatasi ya kituo cha kupimia usingizi imesema pumzi zake ni nzima, mtaa mzima unajua maana nimeutangazia mwenyewe, na karatasi hiyo si ya kweli, na aliyeifanya isiwe ya kweli ni mimi mama yake mzazi.

Mpendwa mshauri, samahani nimeanza hata bila salamu, naomba msaada wako upesi. Mimi ni fundi wa mapazia. Shule niliishia njiani, kwa hiyo ukiona herufi imekwenda upande nisamehe. Huyu ninayemlilia ni kifungua mimba wangu, anaendesha kreni kwenye yadi ya makontena, mwanamke peke yake kati ya wanaume kumi na wanane, wanamwita Twiga kwa sababu wote anawatazama kwa juu, na nikikuambia anaweza kulitua kontena juu ya yai na yai lisipasuke usidhani natia chumvi, haya, natia kidogo, lakini uliza yeyote pale yadini.

Sasa mwanangu akilala hukoroma mpaka vikombe vinagongana kabatini, na tulikuwa tunacheka, baba yake anasema "jenereta la nyumba limewaka", lakini miezi mitatu iliyopita nikagundua kuna wakati jenereta linazima, kimya kabisa, kifua hakipandi, midomo inageuka rangi, halafu anashtuka kama mtu aliyetolewa majini. Kwa kuwa zamu yake ni ya usiku yeye hulala mchana, basi nikahamishia kiti changu pembeni ya kitanda chake, napinda mapazia kwa mkono huku namsikiliza, kimya kikija naacha sindano, nahesabu, nikifika saba namgusa ubavuni kwa kidole, anavuta pumzi, narudi kwenye pindo langu. Miezi mitatu hiyo. Sikumwambia mtu, si yeye wala baba yake, maana nilijiona natosha.

Kumbe huko juu kazini hakuna wa kumgusa. Mwezi uliopita alisinzia ndani ya kreni kontena likiwa linaning'inia, likayumba, likapita juu ya kofia ya mfunga mizigo mmoja, mshauri, juu ya kofia yake, na mwenye kofia ana watoto. Wenzake walipiga mayowe ndipo akashtuka. Msimamizi akamwambia, "Twiga, shuka. Hupandi tena mpaka uniletee karatasi ya daktari." Daktari akaandika rufaa, dirisha la bima ya afya ya umma wakatoa kibali, wakatuambia kipimo kifanyike kwenye kituo kilichoidhinishwa, kilicho kwenye orodha yao, na kwamba bima hulipia kipimo kimoja tu kwa mwaka. Nikawaambia kimoja kinatosha, mwanangu hajawahi kurudia mtihani.

Kituo ni kisafi, chumba kina pazia zito la kuzuia mwanga (limepindwa vibaya lakini nilinyamaza), wakampima mchana kama anavyolala, wakambandika nyaya kichwani na kifuani mpaka akawa kama redio iliyofunguliwa na fundi. Nikang'ang'ania kukaa naye. Mtaalamu wao, mama mmoja mpole mwenye miwani, akasema, "Haya mama, kaa kiti kile, ila usiguse kitu chochote." Mshauri, kitu sikugusa. Nilimgusa mwanangu. Mtaalamu alikuwa chumba cha pili akitazama skrini, kimya kikaja, nikauona ule uso chini ya nyaya, nikahesabu, na nilipofika saba mkono ukaenda wenyewe chini ya shuka. Na tena. Na tena. Sijui mara ngapi, sikuwa hata nawaza, ni kama mtu anavyofukuza nzi.

Karatasi ilipotoka imeandikwa hivi, nanakili kama ilivyo: "Kukatika kwa pumzi hakujafikia kiwango cha ugonjwa. Usingizi ulivurugika mara arobaini na moja, sababu haikuonekana." Hayo ya arobaini na moja sikuyaelewa, mimi niliona "hakujafikia" nikapiga kelele za furaha mpaka mlinzi akaja kuuliza nani kaibiwa.

Siku tatu baadaye amelala, kimya kikaja, nikahesabu, nikanyoosha kidole, na kidole kikiwa bado hewani ndipo nikajiona. Nikajua nilichofanya kule kituoni.

Jumatatu anapanda tena kreni. Nikifumba macho naliona lile kontena na ile kofia. Nimejaribu, nikamwambia, "Twiga mama, kwa nini usirudie kile kipimo?" Akacheka: "Mama, wewe hata furaha unaitafutia ugonjwa. Karatasi imesema!" Nikikiri, naogopa bima watasema tumewachezea, watafuta kadi yake, naogopa atafukuzwa, naogopa zaidi hatanisemesha tena. Na jirani yetu muuza magodoro amefungua chumba nyuma ya duka, kitanda kimoja na kompyuta, ananiambia, "Dada, mlete kimyakimya, nitampima, bima watalipa baadaye, nina mtu wangu mle ndani." Nimpeleke? Na Jumapili nimealika watu waje kumshangilia, nimeshaazima viti. Namba yangu na jina la kituo vipo chini, lakini simu sitapokea, Twiga yuko karibu muda wote, nijibu gazetini, nitalinunua Jumatano.

Ni mimi, Mama Twiga

*

Mama Twiga,

Nimekupigia mara nne, kweli hupokei. Haya, tusemee hapa.

Pole. Miezi mitatu umekuwa ukipumua kwa niaba ya mtu mzima, huku unapinda mapazia. Hakuna atakayekuambia hukumpenda. Lakini nitakugombeza, na uvumilie. Uliona mwanao anaacha kupumua ukalifanya jambo la siri yako na kidole chako. Ulitaka uwe wewe ndiye dawa. Kitandani ulimlinda, ukamwacha apande juu peke yake akiwa hajui anaumwa nini, na chini yake kuna mwenye kofia ambaye hata hujui anaitwaje. Hilo ndilo kosa. La kituoni limefuata tu.

Sasa sikiliza kwa makini. Nimemuuliza daktari wa magonjwa ya usingizi. Pumzi iliyokatika huhesabiwa ikifika sekunde kumi. Wewe unagusa kwenye saba. Ndiyo maana mashine haikuona ugonjwa: kila pumzi ilipokatika, uliiwahi kabla ya kumi. Na yale maneno usiyoyaelewa, "mara arobaini na moja, sababu haikuonekana"? Sababu ni kidole chako, mama. Mara arobaini na moja mwanao alinyamaza na wewe ukamwamsha. Karatasi hiyo haijasema amepona. Isome tena ukiwa umekaa.

Hofu ya bima iweke chini. Nimeuliza kwenye dirisha lao bila kumtaja mtu. Kanuni ya kipimo kimoja kwa mwaka ina mlango wake: kituo kikiandika kwamba kipimo kiliharibika na kwa nini, daktari akatoa rufaa mpya, wao hutoa kibali cha kurudia. Kadi haifutwi kwa mzazi kusema kweli. Wanachokataa ni ombi lisilo na sababu, na sababu unayo wewe peke yako, duniani kote hakuna mwingine.

Muuza magodoro auze magodoro. Kamuulize cheti chake cha kuidhinishwa kiko ukuta gani. Kituo ambacho hakimo kwenye orodha, bima hailipi leo wala hiyo "baadaye" yake. Tena ikionekana Twiga anahitaji mashine ya kumsukumia hewa puani akilala, bima huitoa kwa majibu ya kituo kilichoidhinishwa tu. Utakuwa umempima mara mbili na bado unahesabu saba.

Leo, ukimaliza kusoma hapa, weka sindano chini umwambie mwanao. Usianze na hali ya hewa. Sema, "Nilikugusa, ndiyo maana karatasi imetoka vile." Atafoka. Mwache afoke akiwa amesimama ardhini, ndipo pazuri pa kufokea. Halafu yeye mwenyewe, si wewe, ampigie msimamizi amwambie Jumatatu hapandi, kipimo kinarudiwa. Mwendeshaji anayejishusha mwenyewe msimamizi humheshimu. Anayeshushwa na ajali hakuna wa kumtetea. Na siku ya kurudia kipimo, wewe baki nyumbani. Ukitaka, ukalie hiyo mikono.

Viti vya Jumapili usivirudishe. Wageni waje, ule mdomo uliowatangazia kuwa amepona ndio uwaambie kilichotokea. Pengine kwenye viti hivyo amekaa mtu ambaye nyumbani kwake naye kuna jenereta linalozima.

Lakini kabla ya Jumapili kuna kazi. Kituo kimeniambia habari za vipimo vilivyoharibika husikilizwa siku moja tu kwa wiki, asubuhi, na mgonjwa lazima awepo. Wewe uende ukaandike maelezo kwa mkono wako huohuo, na huyo mama mwenye miwani ayatie sahihi. Twiga aende na kadi yake na ile karatasi. Baba yake aende pia, aliyekuwa anacheka jenereta, akae katikati yenu mkirushiana maneno. Siku yenyewe ni kesho. Alhamisi, saa tatu asubuhi, nyote watatu.