Mama, Bakari na Mutua Wamepatana

Mayo, mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Ulituacha kabla bendera yetu haijapandishwa, kwa hiyo hukuniona nikija Galu kubeba zege, hapa inapojengwa hoteli. Mgongo unauma kila jioni. Lakini leo nakuandikia nikiwa na moyo mwepesi.

Unakumbuka majirani walipokuja kutupalilia shamba kule Kinango, Mbeyu na Umazi wakakataa kulima pamoja kwa sababu ya mbuzi walioingia kwenye mahindi? Uliwakalisha chini, mimi nikiwa kando yako namenya kunde. Ukasema, "Hakuna kujibu mpaka useme alichosema mwenzio, na yeye akubali kwamba ndivyo." Umazi alikosea, akakosea tena. Wewe ukangoja tu, wala hukumkemea, mpaka akapatia.

Ramadhani hii nimeyahitaji maneno hayo. Sisi hupanga mstari tukapokezana makarai ya zege, na zege likishachanganywa halimngoji mtu. Juzi alasiri Bakari wa Munje, aliyekuwa amefunga, aliishiwa nguvu. Karai likamwangukia Mutua mguuni. Mutua ni mtu wa Machakos.

"Kama njaa imekushinda, nenda kale!" akafoka.

Bakari akainua koleo. Nyapara akaingia kati. "Msipopatana kufikia kesho asubuhi, nafukuza mstari mzima."

Mama, mstari mzima ni pamoja na mimi. Kwetu mvua haijanyesha, na wajukuu zako wanakula kwa mikono hii.

Kwa kuwa mimi si mtu wa bara wala sifungi, sina upande, niliwaomba wote tukae mchangani baada ya kazi. Kila mmoja akaeleza lake, kisha nikawapa sharti lako.

Mutua akaanza kwa mzaha. "Anasema mimi mchawi, namroga kwa harufu ya maharagwe."

Watu wakaangua kicheko. Bakari hakucheka. "Sikusema hivyo. Sema tena, bwana."

Mutua akajikuna kichwa. "Anasema tunapika kule upepo unakotoka, na yeye tangu daku hajaonja hata maji. Anaona tunamdharau."

"Ndivyo."

Zamu ya Bakari ikafika. Akasema, polepole, "Kaka Mutua anasema mguu wake ukivunjika, mama yake mgonjwa hana mwingine wa kumtunza."

Mutua akaitikia kwa kichwa tu.

Baada ya hapo mengine yakawa mepesi. Sufuria ya maharagwe ikahamishwa. Tukakubaliana zege limwagwe alfajiri, waliofunga wakiwa bado na nguvu, na alasiri wao wapange mawe. Nyapara naye, alipoelezwa, hakukataa.

Asubuhi alikuta makarai yanapita mkono kwa mkono, Mutua anachechemea na kumpigia Bakari kelele, "Shika vizuri, mfungaji!" Bakari akamjibu, "Nyamaza, maharagwe wewe!" Nyapara akatutazama, akaenda zake.

Wenzangu wananiuliza nilijifunzia wapi, maana shule niliiachia darasa la tatu. Nawaambia, kwa mayo, shambani.

Mkeka wangu nilikuwa nimeshaukunja na kuufunga kamba, tayari kwa safari. Jioni hiyo niliufungua, nikautandika palepale.

Pumzika, mayo.

Mwanao, ambaye bado ana kazi