Bibi Yudith Alianguka Mara Mbili

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Eveline Ambokile Mwaisaka
Umri: Miaka 37
Kazi: Muuza vipuri vya baiskeli
Dini: Mkristo
Makazi: Soweto, Jiji la Mbeya

Afande amenieleza kwamba natakiwa kusema kweli tupu na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimeelewa, na ninasema kwa hiari yangu.

Mnamo Jumamosi tarehe 14 Juni 2025 nilikuwa kwenye ziara ya baiskeli katika vilima vya Iringa. Tulikuwa watatu: mimi, Asukile Mwambene, ambaye ni mwalimu wa sekondari huko kwetu Mbeya, na Liberatus Kikoti, mwenyeji wetu wa Iringa aliyetuongoza njia. Ijumaa tulipita Kalenga, tukaingia makumbusho ya Mtwa Mkwawa, kisha tukapanda hadi misheni ya Tosamaganga, tukalala. Jumamosi ndiyo ilikuwa ngumu. Kuna milima tuliyopanda kwa miguu tukisukuma baiskeli. Asukile alituzidi nguvu, akawa anatangulia na kutusubiri kileleni.

Kwenye saa tisa alasiri tulifika juu ya kijiji cha Lwangile. Ni kijiji cha zamani, kina mabaki ya ukuta wa boma ambayo Liberatus alitaka tuyaone. Njia inateremka moja kwa moja mpaka penye ukuta huo. Nilimwambia Asukile ashike breki kwa sababu ya changarawe. Akanijibu, "Dada Eve, nawasubiri chini."

Nilikuwa nyuma yake, namwona vizuri. Mama mmoja mtu mzima alitokea kwenye shamba la mahindi akiwa na mzigo wa kuni kichwani, akaingia barabarani. Asukile alipiga kelele, akabana breki, baiskeli ikaserereka. Usukani ulimpiga yule mama kiunoni. Wote wawili walianguka.

Nilipofika, mama alikuwa amelala chali, amefumba macho, damu inamtoka puani. Nilimshika shingoni, mshipa ulikuwa unapiga. Asukile alikuwa amepiga magoti anasema, "Mama, nisamehe. Mama, amka." Mwanamke aliyekuwa shambani akapiga yowe kwamba Bibi Yudith ameuawa.

Watu walitoka kilabu cha pombe kilicho karibu. Aliyekuwa mbele alivaa shati jekundu. Baadaye nilijua kwamba ni Silvester Kalinga, mtoto wa Bibi Yudith. Hakuuliza kitu. Aliokota ukuni akampiga Asukile mdomoni, nikaona meno yanadondoka. Liberatus alipaza sauti kwa Kihehe kwamba mama yu hai, apelekwe hospitali. Walimsukumia mtaroni wakamkanyaga mkono mpaka ukavunjika. Mimi nilimpiga mtu mmoja usoni kwa pampu. Sifichi, nilimpiga kwa nguvu zangu zote. Akanishika nywele, akanibwaga.

Pale chini niliendelea kuona. Walimpiga Asukile kwa mateke, kwa kuni na kwa mawe. Helmeti yake ilipasuka, wakaivua ili wampate vizuri. Alikuwa anamwita mama yake kwa Kinyakyusa, halafu akanyamaza. Mtu mmoja alisema, "Leteni petroli." Mwingine akaenda kuifuata kwenye pikipiki.

Ndipo Bibi Yudith akaamka. Afande, naomba hili liandikwe kama ninavyolisema. Aliketi, akafuta damu kwa kitenge chake, akasimama mwenyewe bila kushikwa na mtu. Aliuliza, "Mnampiga nani?" Kelele zilikuwa nyingi. Alitembea akichechemea hadi katikati yao, akasema, "Mwacheni. Niliingia barabarani bila kuangalia. Mimi ni mzima." Waliokuwa karibu naye walirudi nyuma. Yeye akainama, akamlalia Asukile, akamfunika kichwa kwa mwili wake.

Wakati huo Silvester hakuwepo pale. Alikuwa amekwenda kung'oa jiwe kwenye ukuta wa boma. Alirudi mbio amelinyanyua kwa mikono miwili, anawapita wenzake. Yule mwanamke wa shambani alipiga kelele, "Silvester, mama yako!" Lakini Silvester alikuwa ameshaliachia. Lilimpiga Bibi Yudith kisogoni. Mlio wake niliusikia, na jana usiku niliusikia tena.

Silvester alimgeuza, akamwona uso. Akasema, "Mama, si ulikuwa umekufa?" Alirudia hivyo huku anampangusa mchanga mdomoni. Wenzake waliondoka mmoja mmoja. Aliyeleta petroli aliiweka chini akaondoka naye.

Pikapu ya mkulima mmoja ilituchukua wote kwenda hospitali. Bibi Yudith alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mwanawe. Asukile amevunjika taya na jicho la kushoto halioni. Amefungwa pingu kitandani, kwa kuwa watu wa Lwangile wamesema bibi aliuawa na baiskeli. Si kweli. Baiskeli ilimwangusha, akasimama, akaongea. Kilichomuua ni jiwe.

Leo asubuhi nilimkuta Silvester nje ya wodi. Niliogopa, nikataka kurudi ndani. Akaniambia, "Dada, wewe ulikuwa karibu. Alisema nini?" Nilimweleza kila neno. Aliketi sakafuni. Nilipokuwa naondoka akasema, "Kaseme hivyo hivyo."

Nimesema niliyoyaona kwa macho yangu. Nimesomewa yote, nimeyakubali, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: E. A. Mwaisaka
Tarehe 15 Juni 2025

Maelezo ya askari: Nimeandika maelezo haya kwa usahihi na kumsomea shahidi. Alipokuwa anasaini, Silvester Kalinga alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi. Amekuja mwenyewe. Nimeomba Asukile Mwambene afunguliwe pingu.

D/Sajenti Masumbuko