Mama, Nilikutafutia Baba Mwingine

Mpendwa Mama,

Bahasha ya Waitaliano imefika leo hapa Adelphi, Marekani. Wamenikubali. Mimi sasa ni raia wao kwa damu ya yule mfungwa wa vita aliyeletwa Kenya kujenga barabara, akamwacha Nyanya na mimba yako, akarudishwa kwao. Sikushangilia. Niliiweka juu ya friji nikaenda kazini Columbia, nikamwogesha mzee ninayemtunza, nikamlisha uji, nikarudi.

Unakumbuka Jumamosi zetu za kukupaka mafuta nywele? Kitambaa ulikivua mbele yangu tu, maana nywele zako zilikuwa zimelala kama manyoya ya mbuzi na hukutaka watu wazione. Siku moja nikakuuliza ulizitoa kwa nani. Ulinishika mkono. "Kwa Mungu. Na babangu ni Kamau. Usiniulize tena." Halafu ukanisimulia jinsi babu yetu, Guka Kamau, alivyomwoa Nyanya wewe ukiwa mgongoni. Watoto wa shule walipokuita mzungu bandia, alikwenda na bakora yake akamwambia mwalimu, "Huyu ni wangu. Mwenye neno aje kwangu." Na uliporudi nyumbani na sisi wanao wawili, ndoa imekushinda, akakukatia shamba. Ndugu zako wa kiume walinuna, lakini nani angefungua kinywa mbele ya Guka?

Mimi huku nilikwama. Visa iliisha, mwaka ukazaa mwaka. Nikitoka Marekani sirudi, nisipotoka sikuoni. Mwenzangu wa kazini, Mkongo, ndiye aliyeniambia kwamba mwenye babu Mtaliano anaweza kuomba uraia. Nikapiga hesabu zangu: nitahamia huko, nifanye kazi hii hii ya wazee, na kila Desemba nije nikae nawe. Wakili wa Arlington akasema kuna kizuizi kimoja tu. Cheti chako cha kuzaliwa kinasema baba ni Kamau. Lazima kirekebishwe kifuate daftari la ubatizo la misheni, ambamo padri aliandika jina la Mtaliano.

Nikakupigia. Nikakueleza anachotaka wakili. "Mimi nililelewa na mtu, sikulelewa na barabara," ukasema. "Kuzaa si kazi, kazi kulea. Niachie baba yangu."

Nikasema sawa, Mama. Nilikudanganya. Wiki ile ile nilimtuma mdogo wangu, Kamau wako uliyempa jina la Guka, apeleke maombi kwa chifu. Niliona ni makaratasi tu, yatalala kwenye faili. Nilisahau kwamba kwetu chifu huyasoma mambo kama hayo barazani, mwenye pingamizi asimame. Wajomba walikuwa wameketi mstari wa mbele. Hawakupinga. Waliomba nakala.

Kamau ameniambia juzi tu ulichofanya siku hiyo. Ulitoka barazani, ukafika nyumbani, ukavua kitambaa, ukakaa kando ya njia kichwa wazi mpaka watu wote wakapita. Na Jumapili nilipokupigia uliniuliza kama huku baridi imeanza. Mama, kwa nini hukunitukana?

Ulipofariki, wajomba waliitoa ile nakala mahakamani. Si binti wa Kamau, wakasema, hawezi kuzikwa kwa Kamau. Siku kumi na tisa ulikaa mochari tukibishana. Tulishindwa, na kilichotushinda ni karatasi niliyoitafuta mimi. Shamba wakalichukua. Wewe ukazikwa makaburi ya mji, katikati ya watu tusiowajua. Nilitazama kwa simu, nimeketi ndani ya gari nje ya nyumba ya mzee wangu, mtandao ukikatika. Sikuliona jeneza likishuka.

Nimejaribu kuwachukia wajomba zangu, nikachoka. Walikuwa na tamaa tangu zamani, na tamaa yao haikuwa na mlango hadi nilipoufungua. Ningekuwa mbele yako ningepiga magoti. Kwenye barua nitapigaje?

Lakini sasa naweza kuja. Pasipoti ikitoka, Desemba nitakuja. Kamau atakuwa safarini, hivyo amenieleza njia. Anasema kibali cha mazishi kilifuata cheti kipya, na msalaba ukafuata kibali. Nikifika langoni nisimtajie mlinzi jina lako, Wanjiru wa Kamau, kwa sababu hapo hakuna mtu wa jina hilo. Nitaje lile la Mtaliano, lile ambalo hukuruhusu litajwe nyumbani kwako hata siku moja. Nimelijaribu mara mbili hapa jikoni. Ulimi wangu unalikataa, lakini itabidi nilitaje, Mama, la sivyo sitaonyeshwa ulipolala.

Pumzika. Nakuja kukuomba radhi.

Ni mimi,
Kifungua mimba wako