Mtu Hana Shamba, Hana Zamu

Nyacheki, Kisii
Jumapili mchana

Mama Wakesho, mke wangu,

Pokea salamu nyingi za mumeo. Mwili ni mzima, mgongo tu ndio unaolalamika. Nataka kujua kama magoti ya mama yamepoa, kama Wakesho anaenda shule, na wewe mwenyewe unalalaje. Simu yangu niliiuza, kwa hiyo barua hii anakuletea Twahir, yule dereva wa lori la ndizi uliyempa maneno yako alipopita Voi. Mwandiko uvumilie, unajua niliishia darasa la sita.

Maneno yako nimeyapata. Kaka Mwakio ameleta mtu wa kununua shamba letu la bondeni, lile lenye chemchemi, na anataka tukubali kabla ya mwezi kwisha kwa sababu njaa haingoji. Umeniuliza tufanye nini. Nitakujibu, lakini kwanza nikwambie nilichokiona huku.

Huku mambo yameharibika. Bei ya majani chai ilishuka, ikashuka tena, mpaka mchumaji akila, mwenye shamba hali. Watu wameacha kuchuma. Mimi sikujua kwamba chai ni mti, Mama Wakesho. Ukiiacha inakupita kichwa na kutoa maua meupe. Mama Kerubo, mjane niliyemfanyia kazi miaka hii yote, aliolewa hapa akiwa msichana na hakuwahi kuyaona maua hayo shambani mwake. Aliyashika, akayanusa, akaingia ndani, hakutoka mpaka jioni. Wanawe wawili wamerudi kutoka Nairobi kwa sababu kazi za mjengo zimesimama. Kila boma lina watu wazima kama hao, wamekaa tu wanaangalia barabara.

Kwa kuwa hakuna wa kulipa kibarua, watu wamerudia desturi ya wazee wao wanayoiita egesangio. Majirani wanakusanyika na majembe, leo wanalima kwako, kesho kwangu, mpaka zamu imfikie kila mmoja. Mama Kerubo aliniambia niingie, nikaingia. Nikafikiri sasa nimekuwa mtu wa hapa. Nililima kwa huyu na kwa yule, nikala ugali wao na zile mboga zao chungu.

Siku moja tukiwa tumepumzika, Nyaboke, mama anayepanga zamu, alikuwa akimuuliza kila mtu kwake tuanzie upande gani. Akanifikia.

"Na wewe Mtaita, shamba yako iko wapi tukulimie?"

Nikasema liko kwetu, mbele ya Voi. Mzee Ombati akasema basi tupande lori na majembe, tutafika kabla uji haujapoa. Wakacheka, nami nikacheka. Nyaboke alinitazama bila ubaya wowote.

"Usikasirike, ndugu yangu," akasema. "Sasa wewe tutakulimia nini? Mtu hana shamba, hana zamu."

Zamu yangu wakampa Mama Kerubo, naye akaitumia kung'oa chai. Tuling'oa kutwa nzima miti aliyoipanda marehemu mumewe, naye amesimama pembeni anatuonyesha ipi ifuate. Pale patapandwa mahindi, na mahindi hayanihitaji mimi, wana wa kulima wapo. Mmoja wao ameanza kuipima kwa hatua stoo ninamolala.

Juzi kuku wa jirani walipotea. Niliwakuta watu njiani wanazungumza Kigusii. Nilipokaribia wakahamia Kiswahili, wakanisalimu vizuri. Hakuna aliyenitaja. Hilo ndilo lililonitisha.

Tena kuna mwanamume anazunguka, kutoka Nyaramba mpaka huku, ananunua mashamba. Kwa Mama Kerubo hakuuliza chai inazaa kiasi gani. Aliuliza maji yako wapi. Mmoja wa waliomuuzia ni binamu yake Nyaboke, mzaliwa wa hapa hapa. Zile pesa zilikwisha haraka, na sasa analichunga shamba lile lile ili apate chakula. Kwenye egesangio naye ametolewa. Nyaboke aliruka jina lake kama alivyoliruka langu, wala hakumtazama.

Sasa jiulize, Mama Wakesho. Wakati huu ambapo kila mtu hana kitu, huyo wa kwetu aliyekuja na pesa anaitakia nini chemchemi? Sisemi ni mtu yule yule. Nasema ni watu wa aina moja.

Jibu langu ni hapana. Usitie sahihi wala dole gumba kwenye karatasi yoyote. Ukiambiwa nimekubali kwa simu, ujue ni uongo. Najua njaa ipo. Uza mbuzi, uza baiskeli yangu, ng'oa hata mabati ya jikoni uyauze. Shamba liache.

Ningekuja na Twahir leo, lakini kiti kilichobaki amempa mama yake. Yule mama alikuwa na duka la nguo Kisii mjini tangu Twahir hajazaliwa. Wiki hii amelifunga, anahamia kwa dada yake Mombasa. Akifunga mizigo aliniambia, "Mwanangu, wewe angalau una pa kurudi." Nami nitaondoka nikishamaliza kung'oa mistari ya chai iliyobaki kwa Mama Kerubo, kwa lori jingine likiwapo, au kwa miguu kipande kwa kipande.

Msalimie mama, umkande magoti. Wakesho mwambie baba anasema asiache kalamu. Mjomba Mwadime, mzee wa ukoo, msalimie na umsomee barua hii yote, awe shahidi. Kaka Mwakio naye msalimie, ni damu yangu, lakini yeye usimwonyeshe.

Kesho yake ukishaisoma, chukua jembe uende bondeni. Lima hata mistari miwili kando ya chemchemi, mahali wapita njia watakapokuona. Najua mvua haijanyesha. Wewe lima tu.

Mumeo anayekuwaza,
Mwanyumba